Hiyo Brashi Kubwa Inanyoa Mfuko Wako

Wadau, leo najichoma mwenyewe kabla hamjanichoma.

Mnakumbuka ile video yangu ya kunyoa ndevu? Ile ya taulo begani, muziki wa taratibu, povu jeupe kama kilele cha Mlima Kenya, na brashi kubwa kama ngumi ikizunguka kwa shavu langu. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Mkaomba linki, nikawapa linki. Na kila aliyenunua kupitia hiyo linki, mimi nilikula kakitu.

Brashi yenyewe ilikuwa ya manyoya ya baja, saizi ya mwisho, shilingi 7,500. Sasa nasema bila kuzunguka: wengi wenu hamkuihitaji. Na nusu ya sababu za kutoihitaji nilizijua siku ile ile nilipokuwa nawaambia ni lazima muwe nayo.

Kilichonitoa usingizini ni simu ya binamu yangu. Ni mdogo wangu kwa miaka minne, anakaa Kitengela, bedsita, na ndio alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya maana, mapokezi ya hoteli. Kazi ya tai na uso safi kila asubuhi. Mshahara wa kwanza ulipoingia, alitoa kodi, akamtumia mama kitu kidogo, halafu akanunua brashi ya kaka yake wa mtandaoni. Wiki tano baadaye akanitumia picha ya shingo yake. Kuanzia chini ya taya mpaka kwa kola ni vipele, vingine vimeshika usaha. Msimamizi wake alikuwa ameshamwita pembeni mara mbili.

"Bro, si ulisema hii itamaliza vipele?"

Hakuwa na hasira hata. Afadhali angenitukana.

Basi tuanze na mnyama, manake komenti za ile video zilijaa nyegere. Hapana. Nyegere wetu, yule mwizi wa asali asiyeogopa hata simba, hayumo katika hii biashara. Brashi hizi ni za manyoya ya jamaa yake wa mbali, baja, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni, anayeishi Ulaya na Asia. Manyoya mengi yanayouzwa duniani yanatoka Uchina. Uingereza, ambako majina mengi ya kifahari ya brashi yalizaliwa, baja analindwa na sheria ya mwaka 1992. Kwa hivyo mpini wenye jina la Kizungu na tarehe ya zamani haukuambii chochote kuhusu manyoya yaliyobandikwa juu yake. Sifa ya manyoya hayo ni ya kweli, siwezi kuipinga: yanashika maji vizuri, na ncha zake ni nyembamba na laini. Ugomvi wangu uko kwa neno "kubwa".

Kwa nini mainfluensa wote tunashika brashi kubwa? Kwa sababu kamera inaipenda. Hakuna siri nyingine. Brashi ndogo kwa skrini ya simu inaonekana kama ya kupaka rangi ya kucha. Kubwa inajaza fremu, inatupa povu kila mahali, inakufanya uonekane mtu wa hela. Na wacha niwaambie jinsi ile video ilivyopikwa. Sabuni niliyotumia siku hiyo ingenitosha wiki nzima. Povu nililipiga kwa bakuli mpaka mkono ukachoka, nikarudia mara tatu kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya. Ndevu zenyewe nilikuwa nimeshazipunguza kwa kinyozi jana yake. Na kile kishikio nilichopitisha kwa shavu langu polepole hivi, mkasema "smooth"? Hakikuwa na wembe ndani.

Ndiyo. Niliogopa kujikata nikiangalia kamera.

Lile povu lenyewe lilikuwa baya. Povu linalopendeza kwa video limejaa hewa, kama la Omo kwa karai. Likifika usoni linakauka haraka, na chini yake wembe unakwaruza ngozi kavu. Povu la kazi halina urembo: ni zito, linang'aa kidogo, huoni mapovu ndani yake, linafanana na maziwa lala. Ukilipaka linalala na linabaki. Hata ukilipiga kwa vidole utalipata, ukiwa na sabuni nzuri na subira.

Sasa ukubwa. Brashi haipimwi kwa macho, inapimwa kwa milimita, na kipimo cha kwanza ni kipenyo cha fundo, pale manyoya yanapoingia kwa mpini. Milimita 20 mpaka 22 ni ndogo. 24 ni ya kawaida. Kuanzia 26 unaingia kwa wakubwa, na 28 na 30 ni majitu. Mtu anaona 24 na 30 anasema aah, ni milimita sita tu. Fanya ile hesabu ya duara tuliyofundishwa shule. Fundo la 30 lina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya fundo la 24. Ina maana manyoya zaidi ya mara moja na nusu ya kuloweka, ya kulisha sabuni, ya kusuuza, ya kukausha. Kila siku. Na uso wako haujaongezeka hata inchi.

Kipimo cha pili wauzaji wetu wengi hata hawakiandiki: urefu wa manyoya, kutoka mpini mpaka ncha. Hapa ndipo watu wanaibiwa. Brashi mbili zinaweza kuwa na fundo la 28 zote, moja manyoya yake ni milimita 50, nyingine 65, na zikawa kama ng'ombe na punda. Ya manyoya mafupi imesimama, ina nguvu, inasugua. Ya marefu ni laini lakini inalegea kama mopu, unaisukuma huku inaenda kule. Mtu akikuuzia "brashi kubwa" bila kukutajia urefu wa manyoya, ni sawa na kuuziwa kiatu kwa kuambiwa ni kipana.

Halafu uliza utaitumia vipi. Kuna wanaopiga povu kwa bakuli kisha wanapaka, na kuna wanaopiga povu hapo hapo usoni. Ukiwa wa bakuli, kubwa unaweza kuivumilia. Ukiwa wa usoni, fundo la 30 ukilibonyeza linafunguka kama mwavuli: nusu iko kwa shavu, nusu iko kwa sikio, na ukifika kati ya pua na mdomo unavuta sabuni kwa pua kama ugoro. Mimi nilipiga chafya mara tano kabla ya ile klipu mliyoona.

Na hizi brashi nene zina tabia ya ubahili. Zinanyonya povu, zinalificha katikati ya manyoya, halafu hazilirudishi. Unabaki kuongeza sabuni. Sabuni nzuri ya kunyolea unaijua bei yake.

Tuongee maji pia, manake hapa ndipo nilimkosea binamu yangu kabisa. Ile video nilirekodi kwangu Nairobi, na maji ya bomba, yale ya Ndakaini, siku ambayo kwa neema za Mungu yalikuwa yamekuja. Hayo maji ni laini, sabuni inatoa povu bila kubembelezwa. Yeye yuko Kitengela na maji ya kisima. Mnaokaa huko, na Syokimau, na sehemu za Embakasi, mnayajua: chai yenyewe ina ladha ya chumvi, na sabuni inagoma. Madini yaliyo ndani ya maji yanashikana na sabuni na kuwa utando mweupe badala ya povu. Yeye alikuwa anaongeza sabuni, anaongeza, brashi inakula, povu halikuji, na ule utando unabaki ndani ya manyoya. Bafu lake halina dirisha. Brashi ya fundo nene, manyoya yamebanana, bafu la namna hiyo, tena mwezi wa saba na ile baridi yetu: haikauki kabla ya kesho asubuhi. Kila siku alikuwa anapaka shingo yake kitu kibichi cha jana. Aliponiletea nikainusa, wacha tu.

Lakini nisimsingizie brashi kila kitu. Vipele vya shingoni kwetu sisi wenye ndevu za kujikunja vina chanzo chake. Unywele unakatwa, unabaki na ncha kali, na kwa kuwa umezoea kujikunja unarudi unaichoma ngozi na kuingia ndani tena. Mwili unauona kama mwiba. Ukinyoa karibu sana, hasa na zile nyembe zenye makali matano zinazovuta unywele kabla ya kuukata, unazama chini ya ngozi na kukua huko huko. Maji ya uvuguvugu, kunyoa kufuata ndevu zinakoelekea, makali mamoja, kutovuta ngozi, kutorudia mahali pamoja mara nne. Haya ndiyo yanasaidia. Brashi inachangia kidogo tu: inalainisha na kuinua ndevu, basi. Mimi nilisema "inamaliza vipele". Nilitoa wapi? Nilisoma kwa maelezo ya muuzaji.

Binamu yangu naye, kwa kuniamini, alikuwa anaisugua shingo iliyovimba kwa nguvu, duara baada ya duara, kama nilivyoonyesha, halafu anapitisha makali matano kutoka chini kwenda juu. Ni kama kupaka pilipili kidonda. Ilibidi aende kliniki. Akaambiwa aache wembe kabisa, akapewa dawa ya kupaka na barua ya kupeleka kazini. Namshukuru huyo meneja aliyekubali kusoma barua, si wote wangekubali.

Sasa mnishike mkono kwa hii sehemu ya manyoya, kwa sababu inauma.

Mtaona maboksi yameandikwa "pure", "best", "super", "silvertip". Yanapanda hivyo hivyo kwa bei. Kinachofichwa ni kwamba hakuna kipimo cha pamoja kinachowabana watengenezaji wote. "Silvertip" ya huyu ni "best" ya yule. Lile neno linakuambia muuzaji anataka pesa ngapi, ubora utauhisi kwa mkono. Bonyeza ncha kwa kiganja: zikichoma, hiyo si daraja la juu, hata iandikwe kwa dhahabu.

Brashi niliyotumiwa mimi bure ilikuwa baja halisi. Nilivuta unyoya mmoja nikauchoma na kiberiti, na harufu ikawa ile ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa pale kwa mchoma nyama. Manyoya ya mnyama yananuka hivyo na yanakuwa jivu. Nyuzi za plastiki zinayeyuka, zinaacha kitone kigumu. Lakini hicho kipimo kinakuambia tu kama ni mnyama au plastiki. Hakikuambii ni mnyama gani.

Ya binamu yangu, kutoka linki ile ile, boksi lile lile, ilikuwa kitu kingine. Tukiilowesha, maji yakatoka rangi ya kahawia. Ule mstari mweusi katikati, ambao ndio alama ya baja, ulikuwa umepakwa rangi. Manyoya manene, magumu, na ncha zimepasuka mara mbili. Hayo ni ya nguruwe. Brashi ya nguruwe si mbaya kwa kazi, wanyoaji wengi duniani wanaipenda, ikizoea inakuwa laini. Lakini haiuzwi 7,500, na haiuzwi kwa jina la mnyama mwingine. Na ndugu zangu Waislamu mlionunua kupitia kwangu, Mombasa, Eastleigh, Garissa, hapa ndipo naona haya kuliko popote. Kuna mmoja aliniuliza kabisa kabla ya kununua, "kaka, una uhakika si nguruwe?" Nikamjibu na emoji ya dole gumba. Nimekuandikia pembeni, ndugu yangu. Nasubiri jibu lako, na hata usiponijibu nitaelewa.

Nilimwandikia muuzaji. Akasema mzigo ulichanganyika. Halafu akanibloku.

Huu ujanja wa kubadilisha manyoya haukuanza leo, na uliwahi kuua. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manyoya ya baja yalipokuwa magumu kupatikana, watengenezaji waligeukia manyoya ya farasi, wakayafanya yafanane na baja, na mengine hayakuuliwa vijidudu. Watu walipata kimeta usoni na shingoni kwa kunyoa ndevu, Marekani na Uingereza, wanajeshi na raia, zaidi ya wagonjwa 200. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Sisemi ya kwako ina kimeta. Nasema mtu anayekudanganya ni mnyama gani, usimwamini akikuambia alimsafisha.

Kuhusu wanyama wenyewe nitapita haraka, kila mtu na dhamiri yake. Mwaka 2018 PETA walitoa video za mashamba ya Uchina, baja wamefungiwa kwa vizimba vidogo vya waya. Ilinitoa hamu ya kusema tena neno "kifahari".

Na nyinyi mabosi wa vinyozi vya kisasa, mnaoweka brashi moja kubwa kwa kaunta ili ikae kizungu: inagusa shingo ngapi kwa siku? Manyoya ya baja huwezi kuyachemsha, yanaharibika. Katikati ya fundo la 30 hata dawa haifiki vizuri. Wateja, ukiona inakuja kwako ikiwa bado imelowa na ya mwenzako, sema "boss, tumia mikono." Si dharau, ni choa unakwepa.

Najua mtakachosema. "Hata babu zetu walitumia brashi." Babu yangu alikuwa nayo, ndiyo. Ilikuwa nene kama kidole gumba changu, mpini umepasuka, anaipiga ndani ya kikombe cha bati Jumapili kabla ya kanisa. Kikombe kimoja cha maji ya moto, wembe mmoja. Sikuwahi kuona povu likidondoka kwa sakafu.

"Ni investment, inadumu miaka." Itadumu ikikauka, ikisuuzwa kwa maji laini, isipochomwa na maji yanayotokota. Ukiishi hivyo, poa. Ukiishi kwa jerikeni ya lita 20 na tokeni ya stima ya mia, unanunua mnyama wa kufuga.

"Unatuonea wivu sasa unauza nini?" Siuzi kitu. Hakuna linki hapa chini.

Na kuna watu brashi kubwa inawafaa, sitawadanganya kwa upande wa pili pia. Wewe unayenyoa kichwa chote kwa wembe, upara mpaka shingo, una shamba la kutosha: fundo la 26 au 28, manyoya yasiyozidi kama milimita 55, bakuli pana, itakusaidia. Mwenye ndevu ndefu anayelainisha kabla ya kupanga mistari, vilevile. Wengine wote, 22 mpaka 24. Na ukiniuliza mimi, chukua ya nyuzi za plastiki. Haihitaji kuloweshwa, ikikung'utwa inakauka upesi, haiombi sabuni nyingi, na hakuna wa kukudanganya ni mnyama gani. Siku hizi zimekuwa laini mpaka zinashangaza. Binamu yangu sasa ana hiyo, ya 22. Ananyoa na mashine akiacha vijindevu vya kuonekana kidogo, na brashi anaitumia kwa kingo tu, wikendi. Shingo bado ina madoa meusi, lakini usaha uliisha.

Linki nimeitoa. Video nimeiacha, na komenti ya kwanza juu inaeleza kwamba kishikio hakikuwa na wembe. Kakitu nilichokula nimekihesabu: ni shilingi 11,250, brashi kumi na tano kwa 750 kila moja. Binamu nimemrudishia zake zote 7,500 kutoka mfukoni. Nyinyi kumi na nne waliobaki, nitumieni risiti, nitawarudishia hiyo 750 yangu mmoja mmoja kwa M-Pesa, kidogo kidogo, msinikimbize. Kama unataka kujua ulichouziwa, loweka brashi kwa bakuli jeupe dakika kumi, weka rula kando ya fundo, piga picha ya maji na ya ncha kwa karibu, nitumie. Nitakuambia ninachoona, na nikiwa sijui nitasema sijui.

Ile yangu ya bure bado iko. Naitumia kupangusa vumbi kwa kibodi.